Fungu la Dagaa la Buku

Sabrina uko wapi, pokea simu. Niko nje ya soko.

Si unaijua kazi yangu ya bei. Kila mwezi narudi kwa wauzaji walewale, naandika bei ya vitu vilevile, ili wakubwa wajue maisha yamepanda kiasi gani. Kwa Mama Raya, muuza dagaa wa Karema, nimeandika fungu buku, shilingi elfu moja, tangu mwezi wa tatu. Haijabadilika.

Leo msimamizi wetu, Bwana Gelasius, kaja bila taarifa. Kamuuliza Mama Raya, mbona bei yako haipandi? Mama wa watu kajibu bila wasiwasi, "Nikipandisha wateja watakimbia, baba. Napunguza fungu."

Anapunguza fungu, Sabrina. Fungu limebaki kama nusu, yaani dagaa wamepanda karibu mara mbili, mimi naandika hakuna kitu.

Gelasius kaniangalia. "Si huwa unapima?"

Nikasema napima. Sijui kwa nini nilisema napima.

Akaomba ule mzani mdogo tuliopewa. Nikautoa kwenye begi, bado uko ndani ya nailoni ya dukani.

Hakufoka. Kasema tu, "Kesho saa mbili ofisini. Uje nao hivyohivyo, hiyo nailoni usiitoe."