Mvuke Kwenye Mnara wa Baridi

Bugembe, Jinja

Kwa dada yangu mpendwa Zaituni,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Wanale, Mbale, wewe na shemeji Masaba na watoto. Sisi huku miili ni mizima, alhamdulillahi, ila moyo wangu ni mzito. Kila ukipiga simu unaniuliza kama Baba amelegeza hasira zake juu ya ndoa yako, nami nakwepa kwepa. Leo nimeona nikuandikie, maana kwa simu ningelia.

Unajua Baba alivyonifundisha kazi kwenye kiwanda cha soda, kama anafundisha kuruta. Wenzetu walimwita Afande, naye hakukataa. Gesi ya soda tunaitoa kwenye moshi wa dizeli. Moshi ukishasafishwa unasukumwa kwa shinikizo kutoka chini ya mnara wa kwanza, na maji yenye dawa iitwayo amini yanamwagika juu yake. Baba alinikaririsha kwamba amini hushika gesi ikiwa baridi, na kadiri shinikizo linavyopanda ndivyo gesi nyingi inavyoyeyuka humo. Ikishashiba inapelekwa mnara wa pili, shinikizo linashushwa, inachemshwa kwa mvuke, na gesi inatoka safi. Nikikosea mpangilio huo aliniambia nirudi nyumbani nikamsaidie Mama kukaanga mandazi.

Basi mwaka jana, siku moja asubuhi, Baba mwenyewe alifungulia mvuke mnara wa kwanza, ule wa baridi. Amini ikashindwa kushika gesi, yote ikapotelea hewani, mashine za soda zikasimama. Nilipomuuliza alisema ndivyo inavyofanywa siku zote, na kwamba mimi ndiye sijui kazi. Nilicheka nikidhani ananitania. Kisha nikamwona anaufungulia tena mvuke ule ule.

Walimstaafisha kwa heshima. Daktari alituambia ni ugonjwa wa kusahau na hauna dawa. Siku hizi ananiita Gordon, yule Mkenya aliyeanza naye kazi. Inaniuma sana, dada, siwezi kukuficha.

Sasa lile unaloniuliza. Baba hajakusamehe. Amesahau kwamba uliolewa, amesahau kwamba mligombana. Kila alasiri anaketi mlangoni akikungoja utoke shule, na jua likishuka anamfokea mke wangu Madinah, anataka kujua amekutuma wapi. Jana alikataa kula mpaka uje. Tulimdanganya kwamba umelala kwa shangazi.

Njoo, tafadhali. Njoo na shemeji, hakuna atakayemfukuza tena. Lakini yale maneno ya kuomba radhi uliyoyaandaa miaka yote hii, yaache huko huko, kwa sababu Baba hatajua ni ya nini. Na akikukaribisha kwa adabu, akakuuliza wewe ni mgeni kutoka wapi, nakuomba usilie mbele yake. Mwambie umetoka Mbale, ukae naye mlangoni, mumngoje Zaituni pamoja.

Madinah anakusalimu, na watoto wanawasalimu binamu zao. Mungu akufikishe salama.

Ni mimi mdogo wako,
Jamil