Komeo la Chumba cha Mwanangu

Na lile la komeo, dada yangu mpenzi, sijakumalizia. Huyu mume wangu mpya nampenda mpaka najichekea jikoni peke yangu, lakini atanizeesha! Seremala mzima, milango ya watu anatia komeo juu. Wa mwanangu kalitia chini, kimo cha mtoto wa miaka saba, tena kwa ndani.

Basi kila jioni mtoto akisikia viatu vya baba yake wa kambo, kwa! Kajifungia. Chakula kinapoa, mimi nagonga, nabembeleza, mwisho napiga kelele.

"Ling'oe hilo dude lako!"

Mpenzi wangu anapuliza chai taratibu. "Kule mlikotoka, mke wangu, mlango alikuwa anafunga nani?"

Wewe unajua nani, dada: yule mume wa zamani, tena kwa nje, maana ndiwe uliyetufungulia.

"Basi huyu afunge mwenyewe," akasema. "Na afungue mwenyewe."

Wiki tatu nimekula chakula baridi kwa sababu ya falsafa ya seremala! Jana tumekaa mezani, nimenuna, mara komeo likalia. Mtoto katoka na sahani yake, kasimama mbele ya mume wangu.

"Fundi, komeo lako linakwaruza. Litie mafuta."

Bwana mkubwa kakimbilia mafuta mpaka kaangusha kiti. Nami nimelia juu ya chakula cha moto.

Kabla mwezi haujaisha tutakuja kukuona, sote watatu.

Mdogo wako,
mke wa mkaidi