Dukani kwa Mama Zuhura

Masasi, Jumanne jioni

Hata kuvua viatu nimeona kazi. Leo ni siku ya tatu ya kutembea tangu Newala, na nimeingia mjini kununua vya njiani: unga, dagaa, chumvi na plasta za malengelenge.

Nilikusudia kulikwepa duka la Mama Zuhura. Mwaka jana tulinunua hapo mimi na mke wangu Rehema, tulipotembea njia hii pamoja, na nilijua ataniuliza. Lakini kwingine kote plasta hakuna.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwenzio umemwacha wapi?"

Nilitaka kudanganya, nikashindwa. "Alifariki, mama. Tumemzika Mnyambe, kwao."

Akaacha kupima dagaa. Alitoka nyuma ya meza, akanishika mkono, tukakaa juu ya magunia, wateja wakitungoja.

"Pole, baba," akasema. "Mke wako alinichekesha siku ile. Alisema unatembea mbio mno, anachoka, ila hakwambii. Anaogopa safari nyingine utamwacha nyumbani."

Nililipa nikatoka.

Safari zetu zote nilidhani anabaki nyuma kwa kupenda kutazama mikorosho. Hata nilikuwa namtania. Na yeye alikuwa anacheka tu, anafuta jasho, anakuja.

Kesho naelekea Nanganga. Miguu itapona. Ninachoogopa ni kwamba nitatembea polepole sasa, wakati hakuna wa kumsubiri.