Alama Itazame Ndani

Jumapili, 3 Machi

Shikamoo baba,

Jicho linaendeleaje? Bandeji wamekutoa? Msalimie shangazi, mwambie asikuache ukapika.

Huku sisi wazima, isipokuwa farasi wako, Bwana Harusi. Anachechemea tangu ulipoondoka, hata mkokoteni mtupu havuti. Daktari wa mifugo amesema asipotembea vizuri kufikia tarehe kumi Aprili, tumpumzishe. Unajua maana yake. Nimemng'oa viatu vya mbele. Nampitisha peku kwenye mchanga, dakika kumi asubuhi, kumi jioni.

Mwanao

Jumamosi, 9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Jicho linaona hadi vumbi la shangazi yako, naye hapendi kuambiwa.

Sasa nijibu. Mguu upi? Nani alikuambia ung'oe? Ukurasa mzima, na hukutaja mguu! Mimi ndiye ninayevisha farasi viatu mtaa mzima, halafu wangu atembee peku? Na huyo Kipara, fundi mwenzangu anayenyemelea wateja wangu, amefika hapo? Nahisi kuna namna. Mrudishie viatu.

Baba yako

Jumatano, 27 Machi

Shikamoo baba,

Nisamehe kwa kuchelewa, nilikuwa naloweka ukwato kwenye maji ya chumvi kila siku. Usaha umekauka. Nimelainisha kingo kwa tupa, na sasa tumetoka kwenye mchanga tumefika njia ya udongo mgumu. Juzi alinivuta kamba mwenyewe, nikacheka peke yangu kama chizi.

Viatu sirudishi. Unakula vizuri?

Mwanao

Jumatatu, 1 Aprili

Mwanangu,

Nakula. Usinipige chenga.

Usaha hauji wenyewe. Umetokana na msumari uliochoma nyama, na mimi sijawahi kuchoma nyama tangu mama yako yuko hai. Kwa hiyo kuna mtu alimgusa farasi wangu nilipogeuza mgongo. Nimekuuliza habari za Kipara, ukanijibu habari za chumvi! Mnanificha nini? Nimeshamwandikia mwenyekiti wa wenye mikokoteni, amfukuze Kipara pale uwanjani. Barua iko mezani, naituma Jumatatu ijayo. Nitumie kiatu cha mguu mbovu nikione mwenyewe.

Baba yako

Alhamisi, 4 Aprili

Baba,

Shikamoo. Usiitume hiyo barua, nakuomba. Kipara hajamgusa. Ana watoto wanne na kazi yake ni hiyo tu.

Kiatu hiki hapa, cha mguu wa mbele kushoto. Kimetoka na misumari yake, sikugusa hata mmoja. Tazama wa tatu kwa jicho jipya. Sikutaka nikuandikie mimi. Nilijua tangu siku ya kwanza, na nimelia sana.

Daktari alipita jana kabla ya siku yake. Alimwendesha kwenye kokoto, kwenda na kurudi mara mbili, hakuchechemea. Ameifuta ile tarehe.

Mwanao

Jumanne, 9 Aprili

Mwanangu,

Kifurushi kilifika jana. Nilikiweka kiatu dirishani, kwenye mwanga, nikamfukuza shangazi yako chumbani.

Kila msumari una alama upande mmoja wa kichwa. Nilikufundisha ukiwa hujafika kiunoni mwangu: alama itazame ndani, ili ncha ipinde nje ya ukwato. Wa tatu alama yake inatazama nje. Ncha ilikwenda moja kwa moja kwenye nyama. Kazi ni yangu, naujua mkono wangu. Siku ile nilikuwa napapasa kwa kidole gumba, nikajiambia inatosha.

Barua ya mwenyekiti nimeichana. Vipande nimevitia jikoni, motoni.

Bwana Harusi abaki peku. Usimrudishie kitu hata nikija nikabadili maneno.

Sasa kuna kazi ngumu. Asubuhi ile niliwavisha viatu farasi wengine wawili, yule wa muuza mkaa na yule mweupe wa mama muuza maji. Huenda nao wanaumia na wenye farasi wanawachapa wakidhani ni wavivu. Nenda leo hii, na umchukue Kipara, macho yake ni mazima. Mwombe kwa jina langu. Wakiuliza, usiwaambie msumari ulikuwa mbovu. Waambie baba yako alikuwa haoni, akaona haya kusema.

Baba yako