Tangi la Lita Elfu Tatu

Nyumba za Walimu, namba 4,
Chumba cha nyuma.
Jumamosi, 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Najua barua huanza na hali ya anayeandikiwa, na goti lako nitalifikia sasa hivi, lakini kuna sauti ambayo nisipoitoa kwanza sitaandika lolote la maana. Ni sauti ya raba za kufutia, arobaini na tatu kwa pamoja, zikisugua karatasi. Ilikuwa ikisikika niliposema tu, "Haya, tuone jibu," hata kabla sijageukia ubao. Ni kama panya wanaoguguna sanduku la nguo. Nimefundisha miaka mitano sauti hiyo ikinipita, na sasa haitoki masikioni.

Haya, goti. Kama daktari amekukataza ngazi, ngazi uziache kweli, siyo kuziacha mwanao anapokuwa kazini asione. Mwambie akuhamishie kitanda chumba cha chini. Usimwambie ni mimi niliyesema, maana ataona binamu yake anamtawala hata kutoka huku. Na kikohozi kimeisha? Mimi ni mzima. Nimepungua kidogo, lakini usianze, nakula.

Katika ujumbe wako wa sauti uliniuliza kwa nini siku hizi nimekuwa mkavu kwenye simu, kisha hukungoja jibu, ukaendelea: "Usigombane na wakubwa zako, mama. Darasa la mtihani hapewi kila mtu." Ndiyo maana naandika. Kwenye simu unaniwahi kabla sijafika katikati ya sentensi, na mimi naishia kuitikia ndiyo, Shangazi. Kwenye karatasi utanisikiliza mpaka mwisho.

Yote yalianzia kwenye ile semina ya walimu wa hisabati wakati wa likizo fupi. Nilikwenda kwa sababu mwalimu mkuu aliandika jina langu kwenye fomu. Siku tatu za kwanza tuligawanywa vikundi, tukabandika makaratasi ukutani mpaka ukumbi ukafanana na duka la mabango, na kila kikundi kikapigiwa makofi. Nilikuwa nimeanza kuhesabu vigae vya dari.

Siku ya nne akaja mkufunzi mwingine, mama mfupi mwenye mafua, asiye na hata kalamu ya rangi. Tulikuwa tumeagizwa kuja na rundo la madaftari ya wanafunzi wetu. Akatuambia tuyapeleke dirishani, tunyanyue ukurasa mmoja mmoja dhidi ya mwanga, tusome kilichofutwa. Mwalimu mmoja akauliza kama tunapiga eksirei. Tukacheka, tukaenda.

La kwanza mkononi mwangu lilikuwa daftari la msichana ambaye wenzake wanamwita Wakili, kwa kuwa nje ya darasa hubishana mpaka na kengele, na ndani ya somo langu hafungui mdomo. Swali lilikuwa la tangi la maji la mviringo: upana wake mita 1.4, kimo mita 2, tafuta ujazo. Ameandika mita za ujazo 12.32, na pembeni ipo tiki yangu nyekundu, nono, yenye furaha. Chini yake, kwenye mwanga, palikuwa na 3.08 iliyofutwa.

Nikaona ni ajabu. Nikachukua la pili: 3.08, imefutwa. La tatu halikuwa na alama ya kufutwa, mwenyewe alikwenda moja kwa moja kwenye 12.32. La nne, 3.08. Shangazi, nilikaa chini nikalifanya swali lile mwenyewe. Nikalirudia mara tatu, kama mtu anayetafuta funguo kwenye mfuko uleule. Ni 3.08. Jibu lililochapishwa nyuma ya kitabu si sahihi. Aliyeliandika alitumia upana mzima mahali pa nusu yake. Watoto kumi na tisa kati ya arobaini na tatu walikuwa wamelipata, wakafungua nyuma, wakaona hawafanani na kitabu, wakafuta. Kisha wakapika njia ya kufikia kosa, nami nikawapa tiki.

Utauliza, miaka mitano sikuona? Sikuona, kwa sababu sikuwahi kulifanya. Lilikuwa swali la nyumbani siku zote, na nilisahihisha kwa jibu la nyuma, nikishuka na kalamu kama mtu anayepaka rangi uzio. Mkufunzi alisimama nyuma ya kiti changu, akatazama daftari, akapenga kamasi, akasema, "Pole."

Niliporudi shuleni nilimwita Wakili kabla ya kipindi nikamuuliza kwa nini alifuta.

"Kitabu kilikataa, mwalimu."

"Wewe si hubishana na kila mtu?"

"Nabishana na watu. Kitabu hakijibu, mwalimu. Ningebishana nacho vipi?"

Kengele ya kipindi ikalia. Nikawatoa wote nje, nikawasimamisha mbele ya tangi jeusi lililo nyuma ya madarasa, lile ambalo hunawa hapo kila siku ya Mungu. Tukalizungushia futi ya fundi cherehani, tukagawa kwa pai kupata upana, tukapima kimo kwa rula ya ubao. Upana mita moja na sentimita 42, kimo mita moja na sentimita 90; halijapishana sana na lile la kitabuni. Nikauliza, kwa majibu yetu, tangi kama hili lina lita ngapi? Wakaimba: elfu kumi na mbili na ushee. Nikawaambia wasome maandishi meupe ubavuni. Lita 3000.

Mmoja akasema, "Elfu kumi na mbili zingetutosha kuoga mpaka tuzeeke." Wakacheka, kisha kicheko kikakatika chenyewe, na nikaona wanafunua madaftari. Nikawaambia kosa ni la kitabu na la kwangu, na kwamba kumi na tisa kati yao walikuwa sahihi nami nikawafundisha kujifuta. Nilisema kwa sauti ya kawaida.

Tangu siku hiyo nimebadilisha namna ya kufundisha. Raba haziingii darasani. Ukikosea, unapiga mstari mmoja, kosa libaki linasomeka, unaandika chini yake ulichofikiri. Kabla ya kuniuliza kama jibu ni sahihi, unajiuliza kama linawezekana duniani: kuna tangi la hivyo, kuna mtu wa umri huo, kuna basi linalokwenda kasi hiyo?

Usidhani imekuwa sherehe. Wiki ya kwanza walininunia. "Mwalimu, tupe tu jibu, tunachelewa." Wiki ya pili wakagundua kwamba nasifu makosa yaliyoelezwa vizuri, basi wakaanza kuyatunga: mtoto anapata jibu, anarudi juu, anaandika upuuzi, anaukata kwa rula, anauwekea maelezo mazuri ya majuto. Nilikaa na rundo zima la toba za uongo nikataka kulia. Nimewazoesha kunifurahisha kwa miaka mitano. Wakinyimwa njia moja wanatafuta nyingine. Hilo nalo nimelipanda mwenyewe. Imenichukua mwezi kuwarudisha, na bado hawajarudi wote.

Mkuu wa idara yetu tunamwita Bwana Ratiba, kwa kuwa hutembea na ratiba mfuko wa shati, na ukimsalimia huitazama kwanza. Nilimpelekea swali la tangi nikidhani atashtuka. Akalisoma, akakubali kwamba nimepatia, akanirudishia karatasi.

"Miaka sita tunalifundisha hivyo, na watoto wanafaulu."

"Wanafaulu kwa kukisia kitabu kinataka nini."

"Sasa kufaulu kwingine ni kupi, binti yangu?"

Mwalimu wa jiografia, ambaye meza yake imeshikana na yangu na karanga zangu anaziona zake, akasema yeye anamshukuru Mungu, mito yake iko palepale ilipokuwa mwaka jana. Chumba kizima kikacheka. Nami nilicheka, na ndicho kinachoniudhi zaidi. Nilicheka.

Kisha likaja jaribio la katikati ya muhula. Wastani wetu umeshuka kutoka sitini na moja hadi hamsini na mbili, na niko nyuma kwa mada mbili. Sitakuficha hilo. Huenda ni kwa sababu hawapiki tena, huenda ni kwa sababu mimi sijui bado ninachokifanya. Naamka na jibu moja, nalala na la pili. Mzazi mmoja alikuja na daftari la mwanawe, akaliweka mezani kwa vidole viwili kama kitu alichokiokota njiani. "Mwalimu, hii ni hisabati au ni uwanja wa kuku?"

Wiki hii tukatangaziwa ukaguzi wa madaftari. Bwana Ratiba akaagiza watoto wa darasa langu wanunue madaftari mapya, wanakili kazi zote za muhula kwa mwandiko safi, bila mstari wa kukata hata mmoja, na mimi nisahihishe upya kwa tarehe za nyuma. Nikakataa. Jumatano nikaitwa kwa mwalimu mkuu. Hakunifokea, ni mtu mpole. Alifunga mlango, akanikaribisha kiti.

"Mwalimu, semina tulikupeleka ulete cheti. Sasa naona umetuletea mapinduzi."

Nikamwambia nimeleta vyote viwili, na cheti kiko kwenye faili.

"Basi chagua. Madaftari safi Ijumaa, au darasa la mtihani namkabidhi Bwana Ratiba, wewe ushuke uchukue wanaoanza. Sikutishi. Mimi pia nina wakubwa."

Sasa nifike kwako, Shangazi, maana hasira hii yote nimeizungusha na kila ikitulia inatua mlangoni kwako. Unakumbuka meza ya jikoni, na raba yako ya rangi mbili? Ulikuwa unarudi kutoka kufundisha umechoka, unaniketisha, na nikikosea unasema, "Futa haraka, kabla baba yako hajaona." Siku moja nilisugua mpaka karatasi ikatoboka, ukakata kipande cha gazeti ukakibandika kwa nyuma, ukaandika upya juu yake, na hata baba hakujua. Nilikupenda sana siku ile. Nilijifunza kwamba mtu anayekupenda hukusaidia kuficha.

Sikulaumu kama mtu anavyolaumiwa mahakamani. Baba alikuwa vile alivyokuwa, na ulikuwa unanilinda. Lakini nimekuwa mtu mzima anayeogopa kuonekana hajui, na nikawarithisha hofu hiyo watoto arobaini na tatu kila mwaka, kwa miaka mitano, wakiwa na tiki. Nina hasira na kitabu, na Bwana Ratiba, na vicheko vya ofisini, na wewe kidogo, na mimi zaidi ya wote. Lile daftari langu la darasa la saba unaloonyesha wageni, siku moja lipeleke dirishani, utazame kurasa zake kwenye mwanga. Utaniona pale nilivyokuwa hasa.

Najua unavyowaambia wenzako huko kwamba mtoto uliyemlea anafundisha darasa la mtihani. Hilo ndilo lililonifanya nikae na kalamu siku mbili bila kuandika.

Nisalimie mwanao, mwambie radio yake bado inafanya kazi ukiipiga upande wa kushoto. Msalimie mkewe, na wajukuu wote wawili, hasa Kifaru mdogo. Mwambie kuhesabu kwa vidole si aibu, na vidole vikiisha atumie vya miguu. Mama anakusalimu, anasema ameuona ujumbe wako, atajibu akipata miwani. Jirani yako wa zamani, yule fundi saa, huniuliza habari zako kila Jumapili kwa namna ambayo siielewi na sitaki kuielewa.

Usipige simu kunishauri, Shangazi, maana limekwisha. Jana saa nne asubuhi niliyabeba madaftari yote arobaini na matatu mwenyewe, yaleyale machafu, nikayaweka kwenye meza ya ukaguzi mbele ya Bwana Ratiba. La Wakili niliweka juu kabisa, wazi kwenye swali la tangi. Tiki yangu nimeikata kwa mstari mmoja, inasomeka vizuri. Chini yake nimeandika kwa wino: "Mwanafunzi alikuwa sahihi. Mwalimu alikosea." Nikatia tarehe ya jana na sahihi yangu. Kisha nikamrudishia ufunguo wa kabati la darasa la mtihani. Jumatatu naanza na wale wadogo, chumba ambacho tangi limeegemea ukuta wake.

Mungu akuwekee mguu imara na usingizi usiokatika, akutunze mpaka tuonane tukae tena meza moja.

Mwanao wa kulea, anayekupenda hata akiwa amekasirika,

Nukta wako.