Bangili ya Watu wa Kuanguka

Jumatatu, 3 Machi 2025

Sista Cheptanui wa hii wodi amenivalisha bangili ya manjano. Ya watu wa kuanguka. Mimi! Niliyelima ekari nzima na mwanangu Kamande tumboni.

Aliniuliza kama nimeanguka hii miezi mitatu. Nikasema ndio, bafuni, mara mbili. Akaandika. Uongo mtupu. Mara ya kwanza Kamande alinishika shingo akanigongesha ukuta, kwa sababu sitaki kumwandikia shamba la Njoro. Mara ya pili ni teke. Nyonga ililia kama kuni kavu.

Lakini ana jina la baba yangu. Kwetu mwana mwenye jina hilo unamwita Baba, na tangu akinyonya nimemwita hivyo. Sasa nimshtaki baba yangu kwa kasichana ka juzi?

Jumanne, 4 Machi

Wamenigeuza, matako wazi mbele ya wanafunzi! Hawana mama hawa? Kuna kidonda juu ya makalio. Sista anasema ni cha kulala upande mmoja siku nyingi. Akaniuliza maswali ya fomu yake. Nakula? Najigeuza? Shuka ilikuwa inaloa? Alijumlisha alama, akatikisa kichwa. Akauliza nani alikuwa ananigeuza huko nyumbani. Nikamwambia aache umbea.

Nani? Kufuli ilikuwa nje ya mlango. Nililala kwa mkojo wangu nikisikia redio ya Kamande sebuleni.

Alhamisi, 6 Machi

Kamande amekuja na uji. Sauti tamu, wodi yote inamsifu. Chini ya blanketi mkono wake uko kwa nyonga yangu. Anafinya palepale palipovunjika. Anatabasamu.

“Mami, utasaini ya shamba tukifika nyumbani.”

Nikamtupia uji moto usoni. Nikachukua fimbo yangu ya kutembelea nikampiga mdomo, damu ikatoka. Nikampiga tena. Sista alipofika aliona hiyo tu. Kamande akamwambia mathe wake amechanganyikiwa. Ikaandikwa pia.

Ijumaa, 7 Machi

Naruhusiwa leo. Sista amemfundisha Kamande kunigeuza kila baada ya masaa mawili, na kunishika kiunoni nikitembea. Nisiachwe peke yangu hata kidogo, anasema. Kamande anaitikia kama mtoto wa Sunday school, mdomo umevimba.

Kisha Sista akauliza tena ile maneno ya kuanguka, ya mwisho kabla ya kutoka. Kamande akajibu haraka, mara mbili, bafuni.

Sista akaniangalia mimi. Macho yake yakashuka kwa shingo yangu, pale alama za vidole vya Kamande zimebaki.

“Shosho, nimekuuliza wewe.”

“Sijawahi anguka hata siku moja,” nikasema. “Baba ya mtu haangushi mtu. Huyu si baba yangu.”

Akaweka kalamu chini. Akamwambia Kamande atoke nje. Hajatoka. Sista ameenda kuita mkubwa wake na askari wa geti.

Kamande amekaa kitandani, kwa miguu yangu. Anauliza naandika nini.

Kwanza aondoe mkono kwa nyonga yangu. Fimbo iko hapa.