Friji Haijambo

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii inakukuta kwenye kile kiti chako cha mlangoni, miwani puani, na goti la kushoto limekupa nafasi ya kupumua. Dawa ya goti unaimeza, au unawagawia majirani kama ile ya mwaka jana? Sisi huku ni wazima. Baba Kasuku sasa anatembea bila fimbo, anapanda ngazi, anapaka rangi na kulalamika kama zamani. Kasuku mwenyewe anaanza kuongea akifumbua macho na ananyamaza akishalala. Mwalimu amemhamisha dawati mara nne, na kila anayekaa naye anaambukizwa. Anakuamkia sana.

Ningekupigia simu, lakini najua simu yako iko ndani ya mkoba, imezimwa ili isimalize chaji. Na hata ungeipokea, haya ninayotaka kukueleza siyawezi kwa mdomo. Ningeanza kulia, nawe ungeanza kuniuliza nani kafa. Hakuna aliyekufa, mama.

Nianze na lile zito. Mwisho wa mwezi huu naacha kazi kwa wakili. Tafadhali usiiweke barua chini, soma mpaka mwisho ndipo ukasirike. Najua kazi hii niliipataje. Miaka kumi na tisa ulipiga deki ofisi ile, na siku ulipomfuata wakili ukiwa bado umeshika ufagio, ukamwambia una binti anayejua kupiga chapa, mimi nilikuwa nimesimama nje ya mlango nasikia. Ulipotoka ulinirekebisha kola. Kwa hiyo siwezi kuondoka pale kimyakimya. Nataka radhi yako, na nikiikosa sijui nitaishikaje bisibisi.

Ndiyo, bisibisi. Nakwenda kuwa fundi wa mafriji. Cheka kwanza, nakusubiri. Baba Kasuku alicheka mpaka chai ikamtokea puani.

Ili unielewe lazima nikurudishe nyuma kidogo. Baba Kasuku alipoanguka kwenye ngazi na kuvunjika mguu, nilikuandikia kwamba tunajikongoja, usiwe na wasiwasi. Mama, hatukuwa tunajikongoja, tulikuwa chini kabisa. Miezi mitano hakuingiza hata senti. Tukadaiwa na kliniki, tukadaiwa na mwenye nyumba, na mwenye duka la kona, na shemeji yangu yule anayehesabu pesa mara mbili hata akipewa noti moja. Na wa tano lilikuwa duka lililotuuzia friji. Wewe uliilipia nusu kwa kiinua mgongo chako, ili mjukuu wako asinywe maziwa yaliyochacha. Nusu iliyobaki ilikuwa yetu, kidogo kidogo kila mwezi, nasi tukaacha kulipa.

Sasa, kazi yangu kubwa pale ofisini unaijua: kupiga barua za kudai. Wenye madeni yao wanamletea wakili orodha, mimi napiga barua, yeye anatia sahihi, tarishi anazipeleka na kila anayepokea anatia sahihi kwenye daftari. Jumanne moja ikaja orodha ya watu kumi na mmoja kutoka duka lile la friji. Nilipiga wa kwanza, wa pili, nikaenda hivyo hivyo huku nawaza mambo ya nyumbani, mpaka nikafika namba saba. Namba saba alikuwa mimi.

Nilikwenda chooni nikanawa uso. Nikarudi nikaketi, nikapiga. Unatakiwa kulipa kiasi chote ndani ya siku kumi na nne, vinginevyo hatua zitachukuliwa dhidi yako bila taarifa nyingine. Sentensi hiyo nimeipiga labda mara mia tatu katika maisha yangu, na sikuwahi kujua ni kali kiasi hicho. Wakili alizisaini zote kumi na moja huku anaongea na simu. Nikaitoa ya kwangu kwenye rundo la tarishi, nikatia sahihi kwenye daftari kwamba nimeipokea, nikapiga na muhuri, nikaitia kwenye pochi. Jioni Baba Kasuku akaniuliza nani kaileta. Nikamwambia mimi. Akauliza nani kaiandika. Nikamwambia mimi. Tukacheka, mama, tukacheka mpaka tukaanza kulia, na kulia kwenyewe kukawa kweli.

Lakini miaka ile ya kupiga barua ilinifundisha kitu. Anayejipeleka mwenyewe kabla siku kumi na nne hazijaisha husikilizwa, na anayejificha ndiye anayeishia mahakamani. Siku ya tatu nikaenda. Mwenye duka aliponiona alidhani wakili amenituma na karatasi, akanipa kiti, akaniagizia na soda baridi. Nilikunywa nusu chupa ndipo nikamwambia mimi ni namba saba. Aliiangalia ile soda kwa uchungu, lakini ilishaingia. Akanipa mwaka mmoja.

Nyumbani tukakaa mezani sote watatu, tukageuza kalenda ya zamani ya ofisi, tukaandika nyuma yake kila kitu kinachoingia na kila kitu kinachotoka. Nauli yangu tukaifuta, nikawa natembea dakika arobaini kwenda na arobaini kurudi. Viatu vimebadilishwa soli mara tatu. Nywele nimezinyoa, na nikijitazama kwenye kioo nakuona wewe kwenye picha ya kitambulisho. Baba Kasuku aliacha sigara wiki mbili, akawa mkali hata kwa kuta anazozipaka, nikamrudishia moja kwa siku kwa usalama wa nyumba. Kasuku tulimpa kazi ya kusoma hesabu kila Jumapili mchana, naye akawa anasimama juu ya kigoda anasoma kama mtangazaji wa habari. Jumapili moja akatangaza na sigara mbili alizoziona kwenye mfuko wa suruali ya baba yake. Baba yake akazitoa mwenyewe akaziweka mezani.

Tulianza na mwenye duka la kona, maana ndiye tuliyekuwa tunamkwepa kila siku. Siku nilipommalizia alinipa pipi mbili za Kasuku na kunilaumu kwa kuzunguka nyuma ya majengo, kumbe siku zote alikuwa ananiona. Kisha kliniki. Kisha mwenye nyumba. Shemeji naye alilipwa, akahesabu mara mbili, akatutakia heri. Na mwezi uliopita, mama, nimelipa ya mwisho ya friji. Mwenye duka alinipa risiti, akaniagizia soda nyingine, na hii niliimaliza bila hofu. Hatudaiwi na mtu. Nimeandika sentensi hiyo nikaisoma kwa sauti peke yangu hapa mezani.

Utaniuliza bisibisi inaingia wapi. Kiyoyozi cha wakili kiliharibika, akaja mzee mmoja fundi, kila mtu anamwita Baridi. Nilimsimamia kichwani namwuliza hiki nini, kile nini, friji ikiwa hivi inakuwaje, ikiwa vile inakuwaje, mpaka akaniuliza kati yetu nani kaitwa kutengeneza. Akaniambia nije karakanani kwake Jumamosi. Pesa ya kumlipa sikuwa nayo, ila niligundua mzee yule ana wateja chungu nzima waliomkimbia bila kulipa. Tukakubaliana yeye anifundishe, mimi nimwandikie barua. Ninaandika kwa upole, mama, simtishi mtu na siku kumi na nne, na wengi wamelipa. Jumamosi zote za mwaka mzima na zaidi nimekuwa pale. Mikono yangu sasa ina makovu mawili na inanuka mafuta ya mashine.

Mzee Baridi macho yanampungua, anataka mimi nichukue kazi za majumbani, yeye abaki karakanani. Anasema akina mama wanapenda kumwona mwanamke mwenzao akiingia jikoni mwao. Wateja sita wameshaniita kwa jina langu. Kodi ya miezi mitatu nimeiweka pembeni, sigusi. Wakili nilipomwambia, aliuliza nani atampikia chai, kisha akauliza kama nitamfanyia nafuu kwenye kiyoyozi. Nikamwambia nitamfikiria.

Mama, sasa nimefika pale nilipokuwa napaogopa tangu mwanzo wa barua hii.

Kwa miaka mitatu, kila barua yako imeniuliza friji haijambo? Na kila barua yangu imekujibu friji haijambo, inagandisha vizuri, tunakushukuru. Nilikudanganya. Friji ile ilikufa mwezi wa nane tangu ifike hapa, na dhamana yake ilikuwa ya miezi sita. Taa ya ndani ilikuwa inawaka, lakini baridi hakuna. Fundi wa kwanza akasema mota imekufa, akataja bei ya friji nyingine. Nilishindwa kukuambia. Miaka kumi na tisa ya mgongo wako ilikuwa imesimama pale jikoni, imezimika, nami ningekuambiaje? Nikaifanya kabati. Vitabu vya Kasuku vilikaa mle, sare zake zilikaa mle, na ile kalenda ya madeni niliibandika ndani ya mlango wake. Nilikuwa nalipia kabati, mama.

Na ulipokuja kutusalimia mwaka jana, siku tano ulizokaa, nilikuwa naamka kabla yako, nahamisha vitabu, sare na kalenda chini ya kitanda, nakimbia kwa jirani anayeuza barafu, nanunua mabonge mawili, nayapanga kwenye friji na chupa za maji. Kisha nakuonya usifungue fungue mlango, baridi itatoka. Ulikunywa yale maji ukasifu. Mimi nikaenda kazini nikijiona mjanja.

Neno la fundi yule wa kwanza nililiamini mpaka Jumamosi iliyopita jioni, nilipoifungua mwenyewe, kwa vyombo vyangu. Mota ilikuwa nzima. Kilichokufa kilikuwa kile kidude kidogo kinachoisukuma mota ianze, hata kiganja hakijazi, na bei yake ni kilo mbili za sukari. Nilikaa sakafuni nikakitukana kwa dakika nzima. Nikaweka kipya, nikachomeka waya. Ikanguruma. Baba Kasuku aliacha brashi kwenye kopo akaja mbio, tukasimama tumeikodolea macho. Nilipogusa ndani na kuhisi ubaridi, nilipiga kelele.

Hapo ndipo Kasuku akasema, kwa furaha kabisa, kwamba sasa bibi akija hatapiga deki tena.

Nikamwuliza deki gani. Akaziba mdomo kwa mikono miwili. Mtoto asiyeweza kuficha sigara mbili, alikuwa ameficha jambo lako mwaka mzima kwa sababu ulimwomba. Ndipo akanieleza kwamba kila mchana, nikiwa kazini, barafu ilikuwa inayeyuka na maji yanatiririka mpaka mlangoni. Na wewe, na goti lako lile, ulikuwa unachukua tambara, unapiga magoti, unakausha sakafu kabla sijarudi. Akasema ulimwambia amwache mama yake, atasema mwenyewe siku akiwa tayari. Na mimi mjinga nilikuwa najiuliza barafu ya jirani ni ya aina gani hata haimwagi maji.

Siku tano, mama. Na baada ya hapo bado ukaniandikia friji haijambo?, nami nikakujibu haijambo, na ukaniacha.

Sijui kama hiyo inaitwa kusamehewa kabla ya kuomba. Lakini leo naomba waziwazi: nisamehe uongo wangu, na unipe radhi niende kwenye kazi mpya. Neno moja tu linatosha, hata kwa nyuma ya risiti. Ukikataa nitaumia, na sitakuficha kwamba nimeumia. Yametosha mafichoficho.

Nisalimie jirani yako mla dawa za watu, na mpangaji mwenzako wa mbele. Baba Kasuku anakuamkia, anasema ukija atakupakia chumba rangi uitakayo. Kasuku anauliza kama unamchukia kwa kutoa siri. Mjibu haraka kwa sababu amenyamaza tangu Jumamosi na nyumba imekuwa ya ajabu.

Nauli yako nimeifunga ndani ya barua hii, haikukopwa kwa mtu. Njoo shule zikifungwa. Utafungua mlango wa friji mwenyewe, uuache wazi hata robo saa ukitaka. Tambara nimelitupa, mama. Sakafu ni kavu.

Ni mimi kitindamimba wako,
fundi